Kwenda fildi Ujerumani ukitokea Dodoma: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kila muhula maswali ni yale yale. Nianze na viza au na kampuni? Nibebe unga? Kwa nini msimamizi wangu huko hanisalimii vizuri? Nimekosa nini mpaka nikaambiwa mbele za watu kwamba kazi yangu si sahihi?

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa chuo chochote cha Dodoma, iwe UDOM, Mipango, St. John's, CBE au Hombolo, anayetafuta au aliyekwisha kupata nafasi ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, Ujerumani kwa miezi mitatu hadi sita. Ukienda nchi nyingine, hatua za viza na usajili zitabadilika. Za kazini zitakufaa popote.

Jambo moja litangulie. Baridi huzoeleka na chakula hupatikana. Kinachoharibu fildi za vijana wetu wengi ni ukimya. Adabu tuliyolelewa nayo, ya kutomkatiza mkubwa, kuinamisha macho na kungoja kutumwa, huko husomwa kama kutojua au kutojali kazi. Ndiyo maana hatua ya 8 ni ndefu kuliko nyingine zote. Hata kama huna muda, isome hiyo mara mbili.

Kabla ya kuanza, hakikisha una hivi

- Namba au kitambulisho cha NIDA, na cheti cha kuzaliwa cha RITA.
- Pasipoti. Ya kawaida ni shilingi 150,000. Unajaza fomu ya Uhamiaji mtandaoni, unalipa, kisha unapeleka nyaraka ofisini. Muda wake uvuke tarehe ya kurudi kwa miezi sita au zaidi, na ibaki na kurasa mbili tupu.
- Matokeo ya mihula uliyomaliza, yenye sahihi na muhuri wa chuo. Uwe umemaliza mihula minne, maana sheria ya Ujerumani inaruhusu fildi ya mwanafunzi wa chuo cha nje baada ya muhula wa nne, na isizidi mwaka mmoja.
- Barua ya chuo inayosema fildi ni sehemu ya mtaala, ni ya wiki ngapi, na kwamba unarudi kumaliza masomo.
- Kiingereza cha kufanyia kazi. Kijerumani cha kusalimia, kuhesabu na kununua mkate kitakusaidia kuliko unavyofikiri. Goethe-Institut iko Dar es Salaam. Kwa aliye Dodoma, masomo ya mtandaoni yanatosha kuanzia.
- Miezi minane hadi tisa. Aliyeanza miezi mitatu kabla mara nyingi hukwama kwenye viza akiwa na mkataba mkononi.

Hatua ya 1. Linganisha majina

Weka mezani cheti cha kuzaliwa, NIDA, cheti cha kidato cha nne na pasipoti, usome herufi kwa herufi. Shida inayojirudia ni jina la katikati lililofupishwa kwa herufi moja kwenye cheti cha shule, au jina la ukoo lenye tahajia mbili. Tofauti ndogo hurekebishwa kwa kiapo mbele ya wakili. Jina likiwa jingine kabisa, wakili atakuandalia hati ya kubadili jina, ile watu huiita dipoli. Maliza hili kabla hujatuma ombi hata moja, kwa sababu jina litakaloandikwa kwenye mkataba ndilo litakalofuata kwenye viza, bima na benki.

Ofisini huko utaitwa kwa jina la ukoo lililo kwenye pasipoti, ambalo kwa wengi wetu ni jina la babu. Anza kulizoea, usije ukaitwa mara tatu hujaitika.

Hatua ya 2. Andika ombi la ukurasa mmoja

Sahau "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Ukiitafsiri, msomaji wa huko haelewi kwa nini anaambiwa asome kichwa ambacho ameshakisoma. Aya ya kwanza iseme wewe ni nani, unasoma nini, mwaka wa ngapi, na unataka kuanza na kumaliza tarehe gani. Ya pili itaje vitu viwili au vitatu unavyoweza kufanya kwa mikono yako: umepima udongo kwa njia gani, umeandika programu ya nini, umekusanya takwimu kijiji gani na kaya ngapi. Ya tatu ieleze kwa nini idara ile na si nyingine. Usiombe "nafasi yoyote". Huku kwetu hayo ni maneno ya unyenyekevu. Kule yanasomeka kama hujui unachotaka.

Unganisha barua, wasifu wa kurasa mbili, matokeo na barua ya chuo kwenye faili moja la PDF lisilozidi MB 5. Faili lipewe jina lako, si "scan0012". Zikipita siku kumi za kazi bila jibu, tuma ukumbusho mmoja mfupi. Si utovu wa adabu.

Hatua ya 3. Soma mkataba kabla ya kusaini

Utafute ndani yake tarehe za kuanza na kumaliza, saa za kazi kwa wiki, jina la msimamizi, majukumu, posho, nani analipa bima, na kama utapewa barua ya tathmini mwishoni. Fildi ambayo ni lazima kwenye mtaala haidai kima cha chini cha mshahara cha Ujerumani, kwa hiyo kampuni inaweza kukupa posho ndogo au isikupe kabisa bila kuvunja sheria. Uliza mapema, kwa maandishi.

*Tahadhari.* Wakala anayedai fedha za "kushika nafasi" kabla hujazungumza na msimamizi mwenyewe, mkimbie. Kabla ya kumlipa mtu yeyote, kaulize TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kama mtu huyo ana leseni. Na ukifika, pasipoti yako inakaa kwako. Mwenye nyumba au bosi anayetaka kukutunzia amekwisha kukuonyesha nia yake.

Hatua ya 4. Viza

Kampuni ndiyo inayoomba idhini ya fildi kwenye kitengo cha ZAV cha shirika la ajira la Ujerumani, Bundesagentur für Arbeit. Wanafunzi wengi hawalijui hili, wanakimbilia ubalozini bila karatasi hiyo na kurudishwa. Mwandikie msimamizi siku ile ile unayosaini mkataba: "Naomba kampuni iombe idhini ya ZAV, nitaiambatanisha kwenye ombi la viza."

Kukaa zaidi ya siku 90 kunadai viza ya taifa, yuro 75. Siku 90 au pungufu ni viza ya Schengen, yuro 90. Utaambatanisha mkataba, idhini, barua ya chuo, matokeo, bima ya afya yenye kinga ya yuro 30,000 au zaidi, mahali utakapolala, na uthibitisho wa fedha. Kwa viza za masomo, kipimo cha fedha tangu Septemba 2024 ni yuro 992 kwa mwezi, na ni vyema uweke bajeti yako hapo hapo. Posho ikiwa chini yake, pengo hujazwa kwa akaunti maalum iliyofungiwa, ambayo benki hukuachia kiasi fulani tu kila mwezi, au mdhamini anayeishi Ujerumani.

Alama za vidole unazitoa mwenyewe, Dar es Salaam. Treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, imeifanya safari hiyo kuwa ya saa tatu na nusu hivi. Hata hivyo nenda siku moja kabla. Miadi ikipita imepita, na ya pili inaweza kuwa wiki kadhaa mbele.

Hatua ya 5. Funga begi

Koti zito usilinunue kwa bei ya dukani. Mitumba ya Sabasaba ina makoti yaliyotoka huko huko kwenye baridi. Kagua zipu, kofia, na kama kitambaa cha nje kinazuia maji. Vaa nguo nyembamba tatu juu ya nyingine badala ya moja nene, kwa sababu ndani ya majengo kuna joto na utahitaji kuvua. Viatu visivyopitisha maji vina thamani kuliko koti.

Nyama na maziwa, hata vikiwa vimekaushwa, haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya kwenye begi la abiria. Samaki wakavu wanaruhusiwa mpaka kilo 20, asali kilo 2. Unga wa mahindi utaupata kwenye maduka ya Waafrika katika miji mikubwa, kwa hiyo usimalize kilo zako za mzigo wa ndege kwa sembe.

Zawadi kwa wenyeji ziwe ndogo: korosho, kahawa, kitenge. Chupa moja ya mvinyo wa Dodoma hufurahiwa sana na huanzisha mazungumzo, maana Wajerumani wengi hawajui kwamba zabibu zinastawi kwenye ukame wetu. Forodha inaruhusu lita 4 za mvinyo kwa mtu mzima. Ukipelekwa ofisi ya serikali, usimpe mtumishi zawadi ya thamani. Sheria inamkataza kupokea na utamweka pabaya.

Mengine ya kumaliza kabla ya kuondoka: waulize watu wa mikopo chuoni utasainije bumu ukiwa nje, washa huduma ya kupokea ujumbe nje ya nchi kwenye laini yako, maana benki na mitandao ya simu hutuma namba za siri huko, na mwachie mzazi nakala ya kila hati.

Hatua ya 6. Siku kumi na nne za kwanza

Kwanza jiandikishe makazi. Sheria inakupa wiki mbili tangu kuhamia. Unahitaji pasipoti na karatasi ya mwenye nyumba iitwayo Wohnungsgeberbestätigung. Mkataba wa pango peke yake hautoshi. Bila cheti cha makazi, benki nyingi hazikufungulii akaunti, na bila akaunti posho haina pa kuingilia. Siku hizo za kwanza uwe na yuro 300 hadi 400 taslimu.

Bandika jina lako kwenye kisanduku cha barua na kwenye kengele ya mlango. Linaonekana jambo dogo, lakini mleta barua huko hafuati namba ya chumba, anafuata jina. Barua ya benki au ya uhamiaji isipokutana na jina inarudi ilikotoka, na wewe unabaki ukilalamika kwamba hawakujibu.

Utapokea pia barua ya kudai ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi. Si utapeli. Hulipwa mara moja kwa nyumba nzima, kwa hiyo kama mnaishi wengi, muulize mwenzako namba yake ya malipo na uiandike kwenye jibu lako.

Kata bima inayolipa hasara unayowasababishia watu wengine, Haftpflicht. Ukipoteza ufunguo wa jengo, kampuni inaweza kulazimika kubadilisha vitasa vya jengo zima na gharama ikakuangukia wewe. Kabla ya kulipa, soma kama bima hiyo inahusisha funguo za kazini.

Hatua ya 7. Saa na namba

Hapa Mswahili ana mtego ambao wageni wengine hawana. Sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko, wao kuanzia usiku wa manane, na tumezoea kugeuza kichwani. Sasa Mjerumani anasema *halb neun*. Neno kwa neno ni "nusu ya tisa", na maana yake ni nusu ya kuelekea tisa, yaani 08:30, saa mbili na nusu asubuhi. Anayesikia tisa na nusu anafika saa tatu na nusu, kikao kimekwisha. Kila unapopewa miadi, iandike kwa tarakimu nne mbele ya aliyekupa, 08:30, umwonyeshe.

Kufika kwa wakati maana yake ni kuwa umekaa, koti umevua, dakika tano kabla. Ukiona utachelewa hata dakika tano, tuma ujumbe kabla ya muda kufika. Kuomba radhi baadaye hakufuti.

Namba zenyewe pia zimegeuzwa. Kwao 1.500 ni elfu moja na mia tano, na 1,5 ni moja na nusu. Kwenye maabara hiyo ni tofauti ya mara elfu moja. Aliyezoea nukta ya kwetu akisoma "1.500 ml" anaweza kupima mililita moja na nusu badala ya lita moja na nusu. Kagua pia mpangilio wa Excel kwenye kompyuta ya ofisi kabla ya kubandika takwimu zako. Wanafunzi wa uhasibu na uchumi wakumbuke kwamba bilioni yetu kwao ni *Milliarde*. Neno lao *Billion* ni trilioni.

Hatua ya 8. Kazini: kusema, kuuliza, kukataa

Salamu kwanza. Anayetoka kwenye "mbukwenyi" ya Wagogo na habari za nyumbani, za watoto na za mifugo ataona "Morgen" moja, kisha mtu anapita. Hajakudharau. Salamu yao imekwisha pale. Wewe salimia kila unayekutana naye asubuhi, kwa neno hilo moja, ukimtazama. Kumtazama machoni mkubwa wa kazi si ujeuri huko. Kutazama chini wakati anakuuliza humfanya adhani unaficha kitu.

Shikamoo haina mwenzake. Badala yake kuna namna mbili za kusema "wewe": *Sie* ya heshima na *du* ya waliozoeana. Anza na *Sie* pamoja na *Frau* au *Herr* na jina la ukoo, mpaka mwenyewe akwambie mtumie *du*. Akishasema, itikia. Ukiendelea kumpa heshima ya zamani ataona unamkwepa.

Halafu kazi yenyewe. Fanya hivi, kwa mpangilio huu.

*Siku ya kwanza* omba kikao cha dakika 30 na msimamizi kila wiki, siku na saa ile ile. Usingoje akupangie. Wengi hukubali mara moja, na kikao hicho ndicho kitakachookoa fildi yako.

*Unapopewa kazi* irudie kwa maneno yako: "Kwa hiyo nipime sampuli kumi na mbili, niandike kwenye jedwali hili, nikupe Alhamisi saa sita mchana. Ni sawa?" Hapo ndipo makosa hugunduliwa yakiwa bado hayajagharimu kitu.

*Ukikwama*, jaribu mwenyewe kwa dakika 30 hivi, kisha uliza. Swali liwe na sehemu tatu: nimefanya nini, nimekwama wapi, nimejaribu nini. "Nimeingiza takwimu za vituo vitano. Cha sita kinakataa tarehe. Nimebadilisha mpangilio wa tarehe mara mbili. Nitazame wapi?" Swali la namna hiyo linaheshimiwa. "Sijaelewa" peke yake linamwachia msimamizi kazi yote. Kukaa kimya siku tatu ndiko kubaya zaidi, kwa sababu siku ya nne atakapogundua, kosa halitakuwa tena la kutojua. Litakuwa la kutosema, na hilo hawalisamehi upesi.

*Neno "ndiyo" lichunge.* Kwetu ndiyo inaweza kuwa "nimekusikia, mzee". Kwao ni ahadi. Vivyo hivyo "nitajaribu", "kesho hivi" na "Mungu akipenda". Imani yako usiiache, lakini ahadi ya kazi ipe siku na saa. Kama haiwezekani, sema mapema: "Alhamisi haiwezekani, kwa sababu mashine iko huru Ijumaa. Nitakupa Ijumaa saa nane mchana." Kukataa kwa sababu na tarehe mpya huko ni uaminifu.

*Kwenye mkutano* sema kitu kimoja, hata kiwe swali. Kiandae usiku uliotangulia. Aliyekaa kimya mikutano minne mfululizo huacha kualikwa, bila ubaya wowote, wanadhani haimhusu.

*Kazi ikiisha* usikae ukingoje kutumwa. Nenda useme, "Nimemaliza hii, ninaweza kuanza ile, au una nyingine ya haraka?" Bosi wa huko hadhani ni wajibu wake kukutafutia shughuli kila saa.

Tahadhari ya upande wa pili: usigeuke kuwa mkali kwa kudhani ndivyo walivyo. Wanasema wazi juu ya kazi; juu ya mtu wana mipaka. Usimuulize mtu mshahara wake, dini yake, wala kwa nini hana mtoto.

Hatua ya 9. Ukikosolewa

Utasikia "hii si sahihi" bila utangulizi, mbele za watu. Kwetu hiyo ni aibu ya ukoo mzima. Kwao ni habari juu ya karatasi ile. Usiombe radhi mara tano na usieleze kwa nini. Andika kilichosemwa, uliza "Niirekebishe vipi na lini?", urekebishe, uirudishe. Sifa nazo msizingoje. Kusini mwa nchi hiyo wana msemo kwamba kutogombezwa ni sifa tosha, na wengi wanaishi hivyo hasa. Ukitaka kujua unaendeleaje, uliza kwenye kikao chako cha wiki: "Kitu gani niendelee nacho, na kitu gani nibadilishe?"

Hatua ya 10. Nje ya kazi

Haya kwa kifupi. Jumapili karibu maduka yote hufungwa, kwa hiyo nunua chakula Jumamosi. Kuanzia saa nne usiku ni kimya kwenye nyumba za kupanga. Taka hutenganishwa: karatasi, plastiki, mabaki ya chakula, na nyinginezo, rangi za mapipa muulize jirani, na swali hilo litakupatia rafiki. Chupa nyingi za plastiki na makopo vina amana ya yuro 0.25, rudisha dukani. Kupanda treni bila tiketi ni faini ya yuro 60, na "sikujua" haisikilizwi. Wakisema twende tukale, kila mtu hulipa chake. Ukialikwa nyumbani, fika saa waliyosema, peke yako isipokuwa wamesema vingine. Siku yako ya kuzaliwa, keki unaleta wewe ofisini. Ya mwenzako usimpongeze kabla ya siku yenyewe. Wanaona ni mkosi.

Majira ya baridi jua huzama karibu saa kumi alasiri. Mtu wa Dodoma hajawahi kukaa bila jua namna hiyo, na uzito wa moyo huja polepole. Toka nje wakati wa chakula cha mchana kila siku, hata kama kuna ukungu.

Hatua ya 11. Daftari la fildi na barua ya mwisho

Jaza daftari kila jioni, dakika kumi. Msimamizi asaini kila wiki kwenye kile kikao. Si kila idara huko ina muhuri, na vyuo vyetu mara nyingi havikubali kitu bila muhuri, kwa hiyo waulize chuoni kabla ya kuondoka kama karatasi yenye nembo ya kampuni na sahihi inatosha. Jibu uwe nalo kwa maandishi.

Wiki tatu kabla ya kumaliza, omba barua ya tathmini, *Praktikumszeugnis*. Ina lugha yake. "Stets zu unserer vollsten Zufriedenheit" ni alama ya juu kabisa. "Zu unserer Zufriedenheit" inasikika kama sifa, kumbe maana yake ni kwamba ulipita kwa shida. Ukikuta hiyo ya pili na unaamini ulifanya vizuri, zungumza na msimamizi kabla hujaondoka, ukiwa na daftari lako mkononi.

Mambo yakikwama

*Homa ndani ya wiki nne za kwanza.* Usikubali kuambiwa ni mafua tu. Mwambie daktari sentensi ya kwanza kabisa: "Nimetoka Tanzania, tarehe fulani, naomba nipimwe malaria leo." Daktari asiyeiona malaria mara kwa mara anaweza asiifikirie, na malaria kali haingoji. Dharura piga 112. Usiku au mwisho wa wiki, kwa jambo lisilo la hatari, piga 116117. Antibayotiki huzipati bila cheti cha daktari.

*Unaumwa siku ya kazi.* Toa taarifa kabla ya saa ya kuanza. Ugonjwa ukizidi siku tatu unahitaji cheti cha daktari, na kampuni ina haki ya kukidai mapema zaidi.

*Unapewa kazi ya kuandaa kahawa na kunakili karatasi tu.* Wiki mbili vumilia. Ya tatu, peleka kwenye kikao ukurasa wa mkataba wenye majukumu, na pendekezo la kazi moja ya kuanzia. Lisipobadilika, mwandikie msimamizi wako wa chuo Dodoma kabla nusu ya muda haijapita. Baada ya hapo hana la kukusaidia.

*Ubaguzi.* Upo, na si wajibu wako kuumeza. Andika siku ile ile tarehe, saa, maneno yaliyotamkwa, na nani alikuwepo. Ofisini, sheria ya kupinga ubaguzi, AGG, ya mwaka 2006 inakulinda, lakini dai lake lina miezi miwili tu ya kupelekwa kwa maandishi. Ofisi ya serikali ya kupinga ubaguzi, Antidiskriminierungsstelle, hutoa ushauri bure. Ukishambuliwa mtaani, polisi ni 110.

*Pasipoti imepotea.* Ripoti polisi upate karatasi yao, kisha wasiliana na ubalozi wa Tanzania ulioko Berlin. Nakala uliyomwachia mzazi ndiyo itakayoharakisha.

*Hutaki tena kutoka chumbani.* Ikipita wiki mbili usingizi na chakula vimekukataa, mwambie mtu mmoja huko na mmoja nyumbani. Vyuo vikuu vingi vya huko vina washauri wa wanafunzi wa kigeni. Nyumbani mpigie atakayekusikiliza bila kukuharakisha kurudi wala kukukaza ubaki. Kumbuka saa: majira ya joto Dodoma iko mbele kwa saa moja, ya baridi kwa saa mbili. Ukipiga saa tatu usiku ya Ujerumani, mama yako amekwisha kulala.